Thunderbird ya 1957 ya siti mbili: rangi inang'aa, lakini ukweli uko chini ya milango

Fundi Mwambao (mleta uzi)

Wakuu salaam, na wakubwa zetu mliomo humu shikamooni.

Jambo hili nimekaa nalo wiki nzima, nikaona nililete hapa. Najua wamo ndugu zetu walioko Marekani ambao wakishavuka dhiki za miaka ya mwanzo, roho huwatuma kwenye gari la wazi la zamani, lile la siti mbili linalopita polepole Jumapili jioni kila mtu akageuza shingo. Hata mimi roho hunituma huko.

Mimi ni fundi bodi, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 19 Ohio. Nanyoosha, nachomelea, napaka rangi. Kila mwaka napata magari mawili matatu ya miaka ya hamsini, na ninayoyajua zaidi ni Ford Thunderbird za 1955 hadi 1957.

Kuna mzee wangu mmoja wa Mombasa, dereva wa malori aliyestaafu, ndiye baba yangu huku ugenini. Jumapili usiku akanipigia simu, sauti inamtetemeka kama kijana aliyekubaliwa posa. "Mwanangu, nimemwona ndege wangu." Ndege huyo alikuwa Thunderbird ya 1957, nyekundu, paa la turubai jeupe, pamoja na paa gumu lenye vidirisha vya duara ubavuni. Muuzaji aliandika kwamba gari limefanyiwa matengenezo kamili, injini ni 312, yaani ya inchi za ujazo 312, kutu hakuna. Mzee alikuwa tayari kutuma amana usiku uleule. Nikamwambia, baba, usitume hata senti moja mpaka mimi nilale chini ya gari hilo.

Nitaeleza nilichokuta. Ila kwanza, kwa wasiolijua gari hili, niseme kidogo.

Chevrolet walitoa Corvette mwaka 1953, magari 300 tu, bodi ya faibaglasi, injini ya silinda sita. Ford nao wakajibu. Thunderbird ilioneshwa Detroit Februari 1954, na Oktoba mwaka huohuo ikaingia sokoni kama modeli ya 1955. Bodi ya chuma, injini ya V8 ya inchi za ujazo 292, vioo vya milangoni vya kupandisha na kushusha, na starehe ambazo Corvette ya wakati ule haikuwa nazo. Ford wenyewe hawakuliita gari la mashindano. Walilinadi kama gari la mtu binafsi, la kujipatia raha barabarani. Mwaka wa kwanza zilitengenezwa 16,155. Corvette mwaka huohuo zilitoka 700 tu. Miaka mitatu yote ya Thunderbird ya siti mbili inafika 53,166, na ya mwisho ilitoka Desemba 1957. Kuanzia modeli ya 1958 wakaweka siti nne, kwa msukumo wa Robert McNamara aliyekuwa akiongoza kitengo cha Ford. Ndiye McNamara yuleyule aliyekuja Nairobi 1973 akiwa rais wa Benki ya Dunia, akatoa ile hotuba ya umaskini wa vijijini. Kibiashara hakukosea, siti nne ziliuzika sana. Lakini mimi moyo wangu uko kwenye hizi tatu za mwanzo.

Naendelea baadaye, naingia kazini.

Nyundo7

Mkuu usituache hapa. Picha ziko wapi?

Kijana wa Eastlands

Niko hapa naambatana. Swali langu, kwa nini Mzee asichukue Corvette tu? Hiyo ni faibaglasi, kutu itatoka wapi?

Fundi Mwambao

Ndugu wa Eastlands, umeuliza la maana. Bodi ya Corvette haishiki kutu, kweli, ila imekaa juu ya chesisi ya chuma, na chesisi inaoza kama nyingine yoyote. Halafu faibaglasi iliyopigwa ikazibwa vibaya huwa na nyufa nyembamba mithili ya utando wa buibui. Unapaka rangi, baada ya mwaka zinarudi palepale. Kila gari na ugonjwa wake. Zaidi ya hayo, Mzee hataki Corvette. Anataka Thunderbird. Mtu akipenda boga hupenda na ua lake.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe.

Tulifika saa nne asubuhi. Muuzaji alikuwa ameliosha, limeegeshwa kwenye changarawe, jua linalipiga kifuani. Wallahi lilipendeza. Kromu ya bampa unaweza kunyolea ndevu. Mzee akasimama kwenye lile pezi dogo la nyuma, akaweka kiganja juu yake akanyamaza. Mapezi hayo ni alama ya 1957. Mwaka huo walirefusha mgongo wa gari, wakaingiza tairi la spea ndani ya buti, na ringi zikashuka kutoka inchi 15 hadi 14.

Nilimwacha Mzee na furaha yake, nikaanza na milango, kabla ya boneti, kabla ya kitu kingine chochote.

Tazama mwanya ulio kati ya mlango na madigadi ya nyuma. Unatakiwa uwe sawa kutoka juu hadi chini. Gari la wazi halina paa la kulishikilia, kwa hiyo likilegea katikati linajikunja kama ubao uliobebeshwa mzigo. Juu mwanya unabana, chini unafunguka. Upande wa dereva, chini kidole changu cha shahada kiliingia. Juu sarafu ya senti moja haikupita. Nikafungua mlango, nikaunyanyua kidogo kuona kama ni bawaba zimechoka. Bawaba zilikuwa nzima. Basi kilicholegea kiko chini.

Nikatoa sumaku. Ni sumaku ndogo, nimeifunga kitambaa laini isichubue rangi. Kwenye boneti ilinata. Kwenye paa gumu haikunata, na hapo msishtuke, paa lile ni faibaglasi tangu kiwandani. Nikashuka nayo nyuma ya gurudumu la mbele, pale madigadi inapokutana na chini ya mlango. Ikadondoka. Nikairudisha, ikadondoka tena. Nikaipitisha kwenye ule ukingo mrefu ulio chini ya mlango, kila baada ya shubiri moja inaachia. Pale hapakuwa na bati. Palikuwa na puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati, nene, imepigwa msasa vizuri na mtu anayejua kazi yake.

Sehemu hiyo ina siri yake. Nyuma ya gurudumu la mbele kuna uwazi ndani ya madigadi ambamo tope hutupwa na kubaki. Miaka yote hiyo, kila masika na kila barafu, udongo unakaa pale umeloa, na huku kwetu Ohio barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Bati linaliwa kutokea ndani. Ukiona kijipovu juu ya rangi, ndani yake tayari ni shimo.

Mama Tupendane

Jamani fundi, roho imeniuma kwa ajili ya Mzee. Ulimwambia palepale?

Fundi Mwambao

Sikumwambia, dada. Nilitaka niwe na hakika. Mtu ana ndoto ya miaka arobaini, huwezi kumvunjia kwa sumaku peke yake.

Nikaomba jeki na vigogo vya kuegemeza, muuzaji akakubali, nisiseme uongo, alikuwa na adabu na hakunizuia popote. Nikaingia chini na tochi na bisibisi ya kichwa bapa.

Thunderbird hizi zina chesisi yake kamili, yenye vyuma vilivyopishana katikati kama herufi X. Bodi inakaa juu ya chesisi hiyo kwa kukalia mipira, na kila mpira una bolti. Chini kote kulikuwa kumepigwa rangi nzito nyeusi ya lami, bichi, inanukia. Wakuu, lami mpya chini ya gari la zamani ni shuka jipya juu ya godoro lililooza. Sisemi kila anayepaka lami anaficha. Nasema pakiwa na lami mpya, gonga.

Nikagonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima lina mlio mkali, linajibu. Pale chini ya miguu ya dereva mlio ukawa mzito, kama unagonga mkate. Nikakwaruza lami kidogo. Nikakuta bati jipya limelazwa juu ya sakafu ya zamani, limefungwa kwa ribiti, na pembeni pamezibwa kwa gundi ya mabomba. Halikuchomelewa popote. Kati ya mabati hayo mawili maji yanaingia, yanakaa, yanakula yote mawili. Nikafuata mpira wa bodi ulio karibu na bawaba za mlango. Bolti ipo, sahani yake ipo, lakini bati lililotakiwa kuishika limekuwa maganda, nikiligusa linapukutika usoni. Ndiyo maana mlango umeinama. Bodi haikuwa imekaa juu ya kitu.

Nilitoka chini nimejaa vumbi la kutu mpaka kwenye nyusi. Mzee akanitazama, akajua.

Mzee wa Kabureta

Kijana, umefanya kazi ya kiume. Mimi niliwahi kushika magari ya Ford ya Kiingereza pale Dar miaka ya sabini, Anglia na Cortina, na ugonjwa ulikuwa huohuo, chini ya mlango na sakafuni. Sasa nieleze injini. Ile V8 ya Ford ya wakati huo nasikia juu inakauka oili.

Fundi Mwambao

Shikamoo mzee wangu. Umesikia sawa kabisa, na hapa ndipo kisa kilipoongezeka uzito.

Boneti ya Thunderbird hizi inafunguka kinyume, bawaba ziko mbele, unainua kutoka upande wa kioo. Ndani, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, kuna kibati cha namba. Kisome hicho kabla hujamsikiliza mtu yeyote. Namba ya gari lile ilianza na C7FH. Saba ni mwaka 1957. F ni Dearborn, kiwanda lilikotengenezwa. H ni Thunderbird. Na ile C ya mwanzo ndiyo injini: ni 292 yenye nguvu za farasi 212, iliyokuja na gia za mkono tatu. Ukitaka 312 ya kawaida ya mwaka ule, yenye nguvu 245, herufi ni D. E ni ile yenye kabureta mbili, F ni yenye mashine ya kusukumia hewa, nguvu 300, nazo ni adimu mno.

Sasa gari la mbele yangu lina C kwenye kibati, muuzaji anasema 312, na kati ya siti mbili kuna gia za otomatiki. Herufi ya rangi nayo ilikuwa ya buluu hafifu waliyoiita Starmist Blue. Kwa hiyo gari lilizaliwa la buluu, 292, gia za mkono. Kubadilisha siyo dhambi. Watu wamebadilisha magari haya tangu yakiwa mapya. Lakini usiniuzie kwa bei ya gari ambalo halijaguswa.

Je, injini iliyomo ni 312 kweli? Kwa nje 292 na 312 zinafanana kama mapacha. Namba zilizosubiwa kwenye bloku zinaweza kukupoteza. Njia ninayoiamini ni kupima mwendo wa pistoni. Kwenye 292 pistoni inapanda na kushuka inchi 3.30, kwenye 312 ni inchi 3.44. Kwa milimita tofauti ni tatu na nusu hivi. Nilitoa plagi ya silinda ya kwanza, nikaingiza waya laini, nikazungusha injini kwa mkono taratibu, nikaweka alama pistoni ikiwa juu na ikiwa chini. Waya unaingia kwa mshazari kwa hiyo unahitaji subira na kurudia. Nilirudia mara nne. Kila mara jibu likaangukia 292.

Halafu ndiyo oili, mzee wangu. Injini hii wanaiita Y-block kwa sababu ubavu wake unashuka chini sana kupita krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ukiikata kwa mbele unaona umbo la Y. Oili inayokwenda juu kwenye roka, vile vikono vinavyofungua valvu, inapitia bearingi ya katikati ya kemshafti, mhimili unaoviendesha vikono hivyo. Zamani watu walitumia oili isiyo na dawa ya kusafisha, uchafu ukajikusanya humo, njia ikaziba. Chini oili ipo, geji inasoma vizuri, juu roka zinasagika kavu. Ndiyo maana geji peke yake haitoshi. Kifuniko cha roka kina nati mbili tu juu. Nikavifungua, nikamwomba muuzaji awashe. Upande mmoja oili ilitiririka. Upande wa pili roka nane zilikaa kavu, zinagongagonga kama cherehani isiyotiwa mafuta. Nilihesabu dakika tatu kwa saa yangu, hakuna tone. Nikamwambia azime.

Nyundo7

Lakini mkuu si wapo wanaoweka bomba la nje la kupeleka oili juu? Nimeona video.

Fundi Mwambao

Wapo, na linasaidia gari litembee. Ila ni fimbo ya kiwete, halijatibu mguu. Ukilikuta kwenye gari unalonunua, lihesabu kuwa ni ungamo la mwenye gari kwamba njia ya asili imeziba, au bearingi ya kemshafti imekwisha. Mimi ningefungua, nikasafisha, nikabadili bearingi na shafti za roka. Vipuri vyake vinapatikana. Hilo ndilo jema la gari hili, karibu kila kitu bado kinatengenezwa upya, kuanzia raba za milango hadi bati la sakafu.

Sasa yale ya Mzee. Tulikaa kwenye gari langu, tukafunga vioo. Akaniuliza, "Mwanangu, si tutairekebisha sisi wenyewe?" Nikamfanyia hesabu mbele yake kwenye karatasi. Kuvua bodi kutoka kwenye chesisi, kingo za chini pande zote mbili za ndani na za nje, sakafu mbili, vikalio vya bodi, madigadi nne kukata chini na kuunga. Makisio yangu yalikuwa saa 280 za bodi tu, hata nikimfanyia bure kuna vifaa, kuna rangi, kuna kromu, kuna injini. Na bei iliyotakiwa ilikuwa ya gari daraja la pili.

Nifafanue hilo la madaraja, maana huku ndiyo lugha ya mnunuzi na muuzaji. Wengi hupanga kuanzia moja hadi sita. La kwanza ni gari la maonyesho, lisilo na doa. La pili ni zuri sana, linaendeshwa kidogo. La tatu ni gari la kutembelea linalovutia ukiwa mbali kidogo. La nne linatembea lakini lina kazi. La tano ni la kufufua. La sita ni la kung'oa vipuri. Gari lile kwa rangi lilisema pili, kwa sakafu lilisema tano. Anayelipa bei ya rangi atakuja kulipa bei ya sakafu baadaye, mara mbili.

Mzee hakujibu. Akashuka, akampa muuzaji mkono, akamshukuru kwa muda wake. Njiani kilomita tisini hakusema neno.

Mama Tupendane

Mungu amtie nguvu. Umemwokoa fundi, hata kama siku ile hakuona.

Kijana wa Eastlands

Hii thread iwekwe kwa zile za kudumu. Buda wangu pia ako na ndoto ya gari ya hivi. Lakini iliisha hivyo tu?

Fundi Mwambao

Haikuisha. Nimechelewa kurudi kwa sababu kulitokea jambo.

Wiki tatu baadaye mteja wangu mmoja alinieleza kuhusu jirani yake, mama mjane upande wa kusini wa jimbo, ambaye marehemu mumewe aliacha Thunderbird gereji. Halikutangazwa popote. Nikaenda na Mzee Jumamosi. Safari hii alikaa kimya njia nzima, anaogopa kutumaini.

Ilikuwa ya 1956. Mwaka huo una alama yake huwezi kuikosa, tairi la spea limesimama nje nyuma ya buti, ndani ya kasha lake. Walilitoa nje ili kupata nafasi ya mizigo. Ubaya wake, uzito ulirudi nyuma ya ekseli ya nyuma na kuharibu uendeshaji, ndiyo maana 1957 wakalirudisha ndani. Mwaka huohuo wa 1956 waliongeza vifuniko vya hewa kwenye madigadi za mbele, maana wenye modeli ya 1955 walilalamika miguu inaungua. Umeme nao ukabadilika kutoka volti 6 kwenda 12. Ukikuta ya 1955 chunguza waya zake sana, nyingi zimegeuzwa kwa viraka.

Rangi ilikuwa ile Peacock Blue, buluu ya shingo ya tausi, imepauka juu ya boneti mpaka praima inaonekana. Siti ya dereva imepasuka, sponji nje. Tairi zote chini. Panya walikuwa wameshafanya makazi kwenye buti. Mzee alipoliona, uso ulimshuka. Mimi moyo ulinidunda, kwa sababu nilikuwa nimeshatazama mwanya wa mlango. Juu na chini, sarafu moja, mbano uleule.

Sumaku ilinata kila mahali. Nyuma ya gurudumu la mbele ilinata. Chini ya mlango, mwanzo hadi mwisho, ilinata, isipokuwa eneo moja dogo la kiganja upande wa abiria. Nikaingia chini. Hakukuwa na lami mpya, kulikuwa na uchafu wa mafuta ya zamani, mkavu, mgumu kama ukoko wa chungu. Huo ndio uchafu ninaoupenda, unahifadhi chuma. Gereji ilikuwa na sakafu ya saruji, kavu, siyo udongo unaopumua unyevu usiku kucha. Nikakagua kwanza chesisi ya nyuma, pale inapobeba spea, nikitafuta ufa au kupinda. Iko sawa. Nikainua zulia la ndani, nikakuta sakafu yenyewe, ile ya kiwanda, na ukungu wa rangi ya tausi uliorushwa pembeni siku gari lilipopakwa mara ya kwanza. Kutu ilikuwepo, ya juu juu, ya kahawia. Bisibisi haikuingia.

Kibati kilianza na P6FH. Hiyo ndiyo 312 ya mwaka 1956. Namba hiyo imegongwa pia kwenye chuma cha chesisi. Nikakwaruza ukoko kwa brashi ya waya, nikamulika tochi, namba zikatoka moja baada ya nyingine kama mtu anayeamka. Nikamwita Mzee aje asome mwenyewe. Akalala chini, miaka yake sitini na minane, na shati lake la Jumamosi. Nikamsomea za kwenye karatasi, yeye akasoma za kwenye chuma. Zikalingana hadi ya mwisho.

Alibaki palepale chini muda mrefu. Nikamwachia tochi, nikatoka nje.

Mzee wa Kabureta

Alhamdulillah. Injini ilizunguka?

Fundi Mwambao

Hatukuiwasha siku ile, mzee wangu, na nasisitiza hapa kwa kila mtu: gari lililolala miaka usilipige stata kwa pupa. Tulitoa plagi nane, tukatia oili nyepesi kwenye kila silinda, tukaacha siku mbili. Kisha nikazungusha kwa mkono. Ikakubali, nzito mwanzo, halafu laini. Tangi la mafuta tulilishusha, ndani mlikuwa na kitu kama gundi na harufu ya vanishi. Kabureta nimeifungua mezani, iko nzima. Vifuniko vya roka nimevitoa na safari hii nimeendesha pampu ya oili kwa drili kabla ya kuwasha, nikizungusha injini kidogo kidogo kwa mkono. Upande wa kulia oili ilifika roka ya mwisho haraka. Wa kushoto ilisuasua, ikatoa uchafu mweusi kama masizi, halafu ikaanza kutona, roka moja, ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Nilimpigia Mzee simu nikamwekea sauti ya drili asikie.

Ilipowaka mara ya kwanza ilikohoa moshi wa buluu, majirani wakatoka nje. Baada ya dakika kumi ikatulia. Ekzosi zake ni mbili, na ule mngurumo si wa kelele, ni wa kifuani.

Nyundo7

Hongera sana mkuu. Mtaipaka rangi gani? Mimi napendekeza nyekundu.

Fundi Mwambao

Hatuipaki, Nyundo. Nilimuuliza Mzee, naye akaniambia anataka rangi ileile aliyoikuta, na praima yake ileile inayoonekana kwenye boneti. Nami nakubaliana naye kwa moyo wote. Gari linaweza kupakwa upya mara kumi, lakini rangi ya kiwanda ni mara moja. Nitaisafisha kwa mkono, nitaipa nta, na kile kipande cha kiganja chini ya mlango wa abiria nitakikata na kuchomelea bati jipya, kisha nitatafuta rangi iliyopauka kiasi kilekile. Siti tunapeleka kwa mshonaji. Turubai tunanunua jipya, la zamani lilikuwa limegeuka karatasi.

Kitakachotuchelewesha ni breki. Gari hili lina breki za dramu kote, na silinda kuu moja yenye njia moja kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, hata liwe la nyuma kabisa, huna breki hata gurudumu moja. Kwa hiyo sikubali Mzee alitoe getini kabla sijabadilisha mabomba yote, mipira yote na silinda ndogo zote nne. Amekasirika kidogo, anataka walau azunguke mtaa. Jana alikuja akakaa ndani, gari liko juu ya vigogo, akauvuta usukani kuelekea kifuani kwake, maana usukani wa magari haya unasogea mbele na nyuma, akaupanga vizuri, akashika saa nne na saa nane, akakaa hivyo mpaka mke wake akapiga simu kuuliza chakula kipozwe au vipi.

Kijana wa Eastlands

Fundi, swali la mwisho. Hiyo sarafu ya kupima mwanya, ni lazima iwe ya Marekani?

Fundi Mwambao

Tumia yoyote ndugu yangu, ilimradi utumie hiyohiyo juu na chini, na gari liwe limesimama kwenye sehemu tambarare, tairi zina upepo sawa. Kama tairi ziko chini, zijaze kwanza.

Mabomba ya breki yamefika leo mchana. Jumamosi tunafungua silinda kuu, Mzee amesema atakuja na chai na mahamri. Nitaweka picha hapahapa.